Mkataba Alioandika Bi Batuli

Watu wanaomkumbuka shangazi yangu, Bi Batuli binti Farjala, wanamkumbuka kwa jezi. Ndiye aliyeshona zile nyekundu zenye nyota nyeupe kifuani, za timu yetu ya Nyota ya Gongoni, na alizishona imara hata beki akimvuta mchezaji wetu, kinachokatika ni kucha za beki. Siyakatai hayo. Lakini mimi Swaumu ni mtoto wa kaka yake, nililelewa naye tangu nikiwa na miaka sita, na nikiwasikia watu wanasifia jezi nakasirika. Mwanamke yule alifanya jambo moja baya na jambo moja kubwa, yote katika mwaka mmoja, na hakuna hata moja lililohusu sindano.

Alikuwa mfupi, mweusi tititi, mwenye sauti ya kuamuru. Mumewe alikwenda Ujiji kwa biashara ya chumvi mwaka uleule alipojifungua mtoto wao wa pekee, Mussa. Akaoa hukohuko, hakurudi. Tangu hapo shangazi hakupenda kusikia mtu akisema anatoka, atarudi sasa hivi. Ukimwambia hivyo anakuuliza, "Sasa hivi ya lini?" Nyumba yetu ya Gongoni, hapa Tabora, ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na cherehani yake, ile ya meza yenye miguu ya chuma, aliiweka hapohapo mlangoni. Mwenyewe alisema anafuata mwanga. Sisi tulijua anatulinda tusitoke bila kumpita.

Kazi yake ya pili ilikuwa kuandika. Baba yake, yaani babu yangu, alikuwa karani wa misafara enzi zile pembe za ndovu zilipopita kwetu kutoka Ujiji kwenda pwani, na nguo na shanga zikirudi. Aliandikisha wapagazi: jina la mtu, mzigo gani, frasila ngapi, unatuliwa wapi. Alitaka kumwachia mwanawe kalamu, lakini mwanawe, ambaye ni baba yangu, alipenda kulala. Basi akamfundisha binti. Shangazi aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko safi kabisa, na nusu ya mji ilimjia kwa barua, hati za talaka na mapatano ya viwanja. Daftari la babu alilirithi yeye, akaliweka ndani ya sanduku la jezi.

Mwaka ninaousema ni 1949. Waingereza walikuwa wamefyeka pori la Urambo wapande karanga, na waliofika huko walituambia matrekta ni mengi kuliko karanga zenyewe. Vijana hawakujali. Kulikuwa na kazi, na kulikuwa na timu ya mpira ambayo kila mchezaji alipewa viatu, na lori la kuwapeleka kwenye mechi. Kwetu Gongoni wenye viatu walikuwa wawili. Kabla ya Ramadhani golikipa wetu akaenda Urambo na viatu vyake. Baada ya Idi mabeki wawili wakamfuata.

Ndipo Mzee Abasi, mwenyekiti wa timu, alipokuja kwetu mchana mmoja. Alikuwa mfanyabiashara wa samli na ngozi, mnene, mwema, mpenda sifa.

"Bi Batuli, tunakwisha," alisema hata kabla hajakaa. "Wenye maana wamebaki watatu. Mwanao Mussa, Silasi wa misheni, na yule Alois wa Goweko. Wakiondoka hao, kiwanja tukipande mihogo. Kamati imeamua tuwafunge."

"Kuwafunga jela?"

"Kwa karatasi, mama! Mkataba. Miaka mitano mtu hachezi kwingine. Tuwafunge, nao watufungie magoli."

Akaangua kicheko kwa maneno yake mwenyewe. Shangazi hakucheka. Asubuhi ile alipokuwa akifua alikuwa ameikuta ndani ya mfuko wa kaptura ya Mussa karatasi ya kuandikisha watu wa kazi Urambo, na jina la Mussa limeshajazwa. Mimi ndiye niliyekuwa naye karoni, nikamwona akiikunja ile karatasi kidogo kidogo mpaka ikawa kama punje ya hindi.

"Nitaandika," alimwambia Mzee Abasi. "Tena nitaandika karatasi isiyofunguka."

Karatasi nzuri ilikuwa adimu tangu vita. Shangazi alifungua sanduku, akatoa daftari la babu, akalipekua mpaka karibu na mwisho, akasimama kwenye ukurasa ambao nusu ya juu ilikuwa na maandishi na nusu ya chini tupu. Akayasoma maandishi yale ya juu polepole kwa kidole. Kisha akacheka puani.

"Shangazi, si ukurasa wa babu huo?" nilimwuliza.

"Babu yako kafa. Nusu nzima haina kitu."

Akauchana ule ukurasa. Maneno ya mkataba hakuyatunga. Aliyanakili kutoka mwanzo wa daftari, yale ambayo wapagazi walitamkishwa kabla hawajatwikwa: *Mimi fulani bin fulani nimeshika mzigo huu kwa bega langu, sitautua njiani, si kwa jua wala kwa njaa, mpaka mwenye mzigo aniambie tua.* Akaongeza jina la timu na miaka mitano, basi.

Nilimwambia mpira si mzigo. Akanitazama juu ya miwani.

"Mikataba ya siku hizi ina milango, Swaumu. Huu hauna."

Walitia sahihi siku ya Ijumaa baada ya sala ya alasiri, mbele ya nyumba yetu, na mtaa mzima ukaja kutazama. Silasi alikuwa winga, mrefu, mcheshi, mtoto wa Wamoravian. Alois alikuwa senta, kijana wa Kikatoliki wa mashamba ya tumbaku, mpole, asiyesema mpaka asemeshwe. Mussa wetu alikuwa na miaka kumi na tisa, na ndiye peke yake ambaye hakutaka.

"Mama, miaka mitano?"

"Mitano ni nini? Mimi nimekaa kumi na tisa nikimsubiri mtu."

Mussa hakuwa mtoto wa kumjibu mama yake mbele ya watu. Shangazi alimtaka kila mmoja, kabla ya kuandika jina, aseme kwa sauti "Nimeshika," kama walivyofanya watu wa zamani. Mzee Abasi alifurahi sana, akasema hicho ndicho Kiswahili chenyewe. Alois akasema nimeshika, akainamisha kichwa. Silasi akasema huku anacheka, kisha akakatiza kicheko, akageuka haraka na kujipapasa bega la kushoto. Nyuma yake hakukuwa na mtu. Mussa aliposema, kigoda alichokikalia kikatoa mlio wa chini, mrefu, na mguu wake mmoja ukazama ardhini. Watu wakapiga makofi. Kahawa na kashata zikapita.

Miezi mitatu ya kwanza tulifurahi kipumbavu. Nyota ya Gongoni haikufungika. Timu ya Nzega tuliifunga sita, na ile ya Urambo, pamoja na viatu vyao na lori lao, ilirudi na tano. Beki akigongana na Alois, anaanguka beki. Wale watatu hawakuchoka kamwe, na hawakukimbia sana pia. Walikwenda kwa mwendo mmoja tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, vichwa vimeinama kidogo, na mpira ukawa unawafuata wao. Wakifunga goli hawashangilii. Waligeuka wakarudi katikati ya kiwanja kwa mstari, Alois mbele, Silasi nyuma yake, Mussa mwisho, na mashabiki waliokuwa wakipiga vigelegele walianza kunyamaza mapema, bila kujua kwa nini.

Mvua za kwanza zilipokuja tukaanza kuona. Golikipa mpya alinionyesha mwenyewe kiwanjani, asubuhi baada ya mechi. Nyayo za wachezaji wengine zilikuwa zimefutika. Za wale watatu zilikuwa zimezama kina cha kidole kizima, na maji yamesimama ndani yake, safu moja iliyonyooka kutoka goli hadi goli, kisha ikaishia nje ya kiwanja upande wa machweo.

Kisha akaja Mama Getruda, mama yake Silasi.

"Bi Batuli, sikuja kugombana," alisema. "Nataka kuuliza tu mnawalisha nini. Silasi amekata kamba za kitanda mara tatu mwezi huu. Kitanda alicholalia tangu mtoto! Fundi kasema kamba hazina ubovu, mwenye kasoro ni mlalaji. Na sasa hata halali. Anasimama, anaegemea ukuta. Ukimwambia kaa, anasema hajaambiwa."

Shangazi alimjibu vizuri, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi hakuigusa cherehani. Alivuta kikapu cha jezi za kufua, akazichambua moja moja. Zile nane zilikuwa nzima. Tatu zilikuwa zimesagika bega la kushoto, uzi umekuwa unga, ingawa alikuwa ameshazitia viraka wiki iliyopita. Yeye ambaye jezi yake haikuwahi kuchanika!

Akamwita Mussa, akamvua shati kama mtoto. Begani mwake palikuwa na sugu. Ngozi ilikuwa nene, ngumu, inang'aa, kama kisigino cha mtu aendaye pekupeku. Shangazi aliirudisha nyuma mikono yake. Alikuwa amewahi kuona mabega kama yale, utotoni, kwa wazee waliokuwa wakija kukaa barazani kwa babu, ambao ujana wao wote uliishia njiani kati ya hapa na pwani.

"Umebeba nini, Mussa?"

"Sijabeba kitu, mama."

"Bega hili limebeba."

Mussa alifikiri kidogo. "Sijabeba kitu," akasema, "lakini nimechoka kukibeba."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Shangazi alijitupia kanga, akamshika mkono mwanawe, na mimi nikawafuata hadi dukani kwa Mzee Abasi. Pale palikuwa na mizani kubwa ya kupimia ngozi, na mwenyekiti alikuwa na tabia ya kuwapima wachezaji mwanzo wa msimu na kuandika uzito wao ukutani kwa chaki. Mussa alikuwa ameandikwa ratili mia na thelathini. Alipopanda sasa, chuma kikagonga, mshale ukaenda ukasimama kwenye mia mbili.

Mzee Abasi alimshusha, akapima debe la samli alilojua uzito wake. Mizani ilikuwa sawa. Akampandisha tena. Mia mbili.

"Mazoezi," alisema. "Mwili umejaa." Lakini alikuwa akiitazama mikono ya Mussa, ambayo ilikuwa myembamba kama zamani, na alikuwa akijifuta viganja kwenye kanzu.

"Ratili sabini zaidi," alisema shangazi taratibu. "Frasila mbili. Huo ni mzigo wa mpagazi, Mzee Abasi. Mzigo mmoja kamili."

Nilisikia nzi kwenye ngozi.

"Basi, kama ni maneno tu, nitayasema," Mzee Abasi alisema, na nampa heshima yake, maana alijua anaitupa timu. Akanyanyua mkono. "Mussa! Nimekuruhusu! Tua!"

Sote tulitazama mshale. Haukutikisika.

"Siyo wewe, mzee," Mussa alisema kwa adabu. "Mwenyewe yuko mbele."

"Mwenyewe nani?"

"Sijamwona uso. Yeye hutangulia. Kasema pembe italia Ijumaa asubuhi, tunaondoka."

"Mnakwenda wapi?" nilimwuliza, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

Mussa alinyoosha kidevu kuelekea Kwihara, kwenye njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji, ile ambayo siku hizo walipita wachunga mbuzi tu. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Mzee Abasi alitoa mkataba kwenye kasha lake, shangazi akaenda nao nyumbani. Alikaa mlangoni, akaninyooshea ule ukurasa, akanisomea ile nusu ya juu, ya babu. Ilikuwa hesabu ya msafara mmoja wa kabla ya Mjerumani. *Watoro watatu, wameitupa mizigo yao njiani. Mizigo mitatu haina bega. Mwenye mali amefia Ujiji, hakuna wa kusema tua.* Chini yake, kwa mwandiko wa binti yake, yalifuata majina matatu: Alois, Silasi, Mussa.

"Ulikuwa umeyasoma haya kabla hujaandika?"

"Nilikuwa nimeyasoma."

"Ukaandika?"

"Nilicheka, Swaumu. Nilisema, mizigo hii nayo imepata vijana." Alipitisha kidole juu ya jina la mwisho. "Nilitaka asiende. Nilitaka neno zito kuliko yote, nikaliona, nikalichukua."

Ndipo nilipomwona shangazi akilia, mara ya kwanza na ya mwisho. Nilimwonea huruma na nilimchukia, yote kwa pamoja. Tuliuchoma ule ukurasa kwenye jiko la mkaa. Uliwaka kama karatasi yoyote. Nilipogeuka, Mussa alikuwa ameegemea mwimo wa mlango kwa ubavu wa kushoto, kama mtu anayepumzisha kitu bila kukitua, na ule mwimo ulikuwa umeanza kuachana na ukuta.

Alhamisi nzima shangazi alishona ngata. Alichukua kanga yake nene kuliko zote, akaikunja, akaipiga mishono ya duara, pedi ya kuwekwa begani chini ya mzigo. Nilimwuliza ni ya Mussa? Akatikisa kichwa.

"Mzigo hutoka begani kwa njia mbili," aliniambia hatimaye. "Mwenyewe aseme tua. Au mtu akupokee."

Msomaji wa kwetu analijua neno hilo, hana haja ya kufafanuliwa. Mtoto wa Tabora akiona mtu anakuja na kikapu au kuni, humkimbilia: shikamoo, karibu, nikupokee. Ni adabu tunayofunzwa kabla hatujafunzwa kuhesabu. Mtu huisema bila kufikiri, na anayeambiwa hakatai.

Ijumaa saa mbili asubuhi, jua limeshatoka vizuri, mbuzi wa Gongoni waligeuza vichwa vyao magharibi kwa pamoja. Sikusikia pembe yoyote. Niliona mbuzi tu, na kuku wakijipenyeza chini ya gari la mkokoteni, na Mussa akitoka. Alimpita mama yake mlangoni. Shangazi hakumzuia. Aliweka ngata yake begani, akamfuata, nami nikamfuata yeye.

Penye njia ya Kwihara wale wenzake wawili walikuwa wamesimama. Hawakusalimiana. Wakajipanga kama walivyojipanga kiwanjani, wakaanza kwenda. Mama Getruda alikuwa nyuma akimwita mwanawe kwa jina, tena na tena. Mbele ya Alois, hatua sita au saba, palikuwa na vumbi. Lilinyanyuka kidogo, likatua, likanyanyuka tena, kama linyanyukavyo chini ya miguu ya mtu anayetembea, na hapakuwa na mtu. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Kote kwingine ardhi ilikuwa mbichi.

Shangazi alikimbia. Alikuwa na miaka arobaini na sita na hakuwahi kukimbia tangu nimjue. Aliwapita kwa pembeni, akasimama kati ya lile vumbi na Alois, akalipa vumbi mgongo.

"Alois, baba, karibu," alisema, kwa sauti ya mwenyeji kwenye mlango wake. "Nikupokee."

Alois alisimama. Uso wake ulikuwa mtupu, lakini alikuwa amelelewa vizuri huko Goweko, na adabu ilimfikia kabla ya akili.

"Mwangaluka, mama," alimsalimu kwa lugha ya kwao, kama anayeamka. "Pokea."

Niliona magoti ya shangazi yakikunjika, kisha yakanyooka nusu. Makubazi yake yalizama. Alois alirudi nyuma hatua mbili, mwepesi mno, akapepesuka akakaa chini, akaanza kujitazama mikono.

"Silasi. Karibu, mwanangu. Nikupokee."

"Pokea, mama," Silasi alisema, akaanguka mikononi mwa Mama Getruda akicheka na kulia.

Shangazi alikuwa ameinama sasa, paji la uso linakaribia kifua. Jasho lilimtoka likidondoka chini. Alimtazama Mussa kutokea chini, kwa macho ya kupinda.

"Karibu, Mussa. Nikupokee."

"Hapana," alisema Mussa. Yeye alikuwa macho kabisa. Nadhani alikuwa macho muda wote. "Huu ni mzito, mama. Utakuua. Niache niende nao."

"Mimi ndiye niliyekutwika."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua siku ileile, kwenye kigoda. Ulikuwa umenitazama."

Vumbi lilikuwa limesimama nyuma ya shangazi, likisubiri. Nawaambieni lilikuwa likisubiri.

"Basi kama unajua, nipe," alisema. "Sikuombi kwa adabu tena. Nipe, Mussa, uende unakotaka kwenda. Nenda Urambo. Nenda popote mtu anapokwenda kwa miguu yake."

Mussa alilia kwa sauti, kijana mzima, senti ya aibu hana. Akasema, "Pokea, mama." Nilisikia pumzi ikimtoka shangazi yote, na mguu wake wa kushoto ukaingia ardhini hadi kwenye kifundo.

Hakuanguka. Aligeuka polepole, akaliambia lile vumbi, kama alivyokuwa akiwaambia wateja wasumbufu, "Mimi siendi." Kisha akashika njia ya kurudi Gongoni. Ni mwendo wa nusu saa. Tulifika adhana ya Ijumaa ikiadhiniwa. Njia nzima Mussa alitaka kumshika, naye alikataa kushikwa, na mimi sikugeuka kutazama kama tunafuatwa.

Jumatatu Mussa alipanda treni kwenda Urambo, pamoja na Silasi. Alois alirudi kwenye tumbaku yake. Nyota ya Gongoni ilifungwa tisa na timu ya shule, ikavunjika kabla ya mwaka mpya, na Mzee Abasi hakuitaja tena. Karanga ziliposhindikana Mussa alikwenda Dar es Salaam, akapata kazi bandarini, akaoa. Barua zake zilikuwa za furaha, na mimi ndiye niliyekuwa nikizisoma, kwa sababu shangazi hakuweza tena kuinua kichwa juu ya karatasi. Mussa alikuja kututembelea mara mbili. Mara zote mbili alifungua mdomo kumwambia mama yake lile neno, na mara zote mbili shangazi alimziba mdomo kwa kiganja, akakishikilia hapo mpaka akatulia.

Shangazi aliishi miaka kumi na moja baada ya siku ile. Alishona kwa kusimama, amepinda, akikanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Hakulala kitandani wala hakukaa, vigoda vilikatika chini yake, basi aliegemea ukuta. Kila Ijumaa asubuhi alijifunga kifundo cha mguu kwa kanga kwenye mguu wa chuma wa cherehani, akang'ata meno mpaka mchana. Mbuzi walipogeuza vichwa, mimi nilikwenda uani. Cherehani ile tangu zamani ilikaa mlangoni, upande wa mashariki wa chumba. Ilikuwa ikisogea upana wa kidole kwa wiki. Mikwaruzo ya miguu yake iko sakafuni hadi leo. Ilipofika ukuta wa magharibi, shangazi aliomba msaada tukairudisha mlangoni, ikaanza tena.

Watu walimwambia ni ugonjwa wa mgongo. Mimi nilisema vilevile, hata kwa mume wangu. Shangazi hakunisahihisha. Wala hakuniomba kitu, kwa kuwa neno lile haliombwi, husemwa na yule anayeona mzigo.

Mwaka wa 1960, alasiri moja, alitoka msibani nyumba ya pili. Mimi nilikuwa barazani nachambua mchele, nina miaka ishirini na minane, mzima wa afya, mwanangu amelala ndani. Alifika kizingitini akasimama. Mikononi hakuwa na kitu, hata pochi. Jasho lilimtiririka puani. Alininyanyulia macho kwa shida, akanitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyomtazama mtu. Nilielewa. Siwezi kusema sikuelewa. Maneno yenyewe yalikuwa mdomoni mwangu, ni mawili tu, nimeyasema maelfu ya mara kwa wauza mkaa nisiowajua.

Nilikuwa na mabega mawili mazima. Nikainuka, nikamvutia kiti.

"Kaa, shangazi," nilimwambia. "Pumzika."

Alikitazama kile kiti. "Ahsante, mwanangu," akasema, akapita.